Chungu cha Kuku Wasiokuwepo

Jumatatu, 3 Juni

Bismillahi. Nimekivunja.

Chungu cha mti wa marehemu mke wangu. Kimelala sakafuni vipande vipande. Nilitaka tu kuusogeza mti upate jua la dirishani. Mkono mmoja mti, mkono mwingine pazia. Nilipaswa kuachia pazia. Nikaachia mti. Paa!

Mti wenyewe mzima, alhamdulillahi. Ni mkuyu, lakini mkuyu wa kukaa mezani. Kimo chake hakifiki goti la mtoto, na shina lina makunyanzi kama shingo ya babu. Watu wa mjini huita bonsai. Mke wangu alikuwa akiuita Mzee. Aliutoa ukiwa mche kwenye mfereji wa bati la jirani, akawa anaupunguza mizizi, anaufunga waya, anaupogoa, mwaka hadi mwaka. Ukazeeka bila kurefuka. Chungu alikifinyanga mwenyewe. Kifupi kama sinia, miguu minne, matundu ya kutolea maji, rangi ya kijani inayong'aa kama kioo. Chini yake alibonyeza kidole gumba kabla udongo haujakauka. Ndiyo ilikuwa sahihi yake.

Mimi pia mfinyanzi, lakini wa mitungi ya maji. Mambo makubwa makubwa. Vitu vidogo vilikuwa vyake.

Tatizo ni shemeji, dada mkubwa wa marehemu. Tangu msiba anautaka mti huu. Alisema mbele ya watu kwamba mimi nitauua, kama si kwa kuusahau basi kwa kuupenda. Binti yangu akanitetea. Wakaelewana hivi: mti ukae kwangu, shemeji awe anakuja Jumapili kuutazama, na siku atakayoukuta umedhurika anaondoka nao. Sasa hivi yuko safarini kwa mwanawe. Anarudi Jumapili ya tarehe 23.

Hauondoki. Nguo za marehemu hazikui. Picha haikui. Mti huu peke yake ndio unaoendelea kuishi kama alivyouacha.

Nimeupanda kwenye sufuria kwa muda. Vipande nimevificha kabatini, katikati ya nguo zake.

Mpango: nifinyange kingine kama kile. Shemeji asijue. Nani atajua?

Jumanne, 4 Juni

Kufinyanga kitu kidogo ni mateso! Vidole vyangu vimezoea matumbo ya mitungi. Cha kwanza kilitoka kinene kama tofali. Cha pili kilikuwa na miguu minne, kila mmoja na msimamo wake. Cha tatu, mashallah. Nimekifanya kikubwa kidogo kuliko cha marehemu, maana udongo hunywea ukikauka na ukichomwa. Matundu nimetoboa, mazuri, mviringo. Halafu nikageuza, nikabonyeza gumba.

Gumba langu! Linafanana na alama ya kwato. Nikalipapasa kingo mpaka likapungua. Hatachunguza hivyo.

Karakana hii natumia pamoja na Injinia. Jina hilo tulimpa kwa sababu tanuri lake ni la umeme, lina vitufe, na yeye huvaa miwani ya kazi kwenye paji la uso hata akienda kula. Vyungu vya bonsai ndiyo kazi yake. Mke wangu ndiye aliyemfundisha, ingawa siku hizi anazungumza kama aliyezaliwa navyo mkononi.

Akaja kuchungulia. Akauliza mzee leo vipi, mbona umehamia kwenye vidogo, mitungi imekukosea nini? Sasa mke wa Injinia na shemeji wanakaa safu moja kwenye darasa la dini. Nikimwambia Injinia leo, shemeji anajua kabla sijanawa mikono.

Nikasema ni chombo cha kunyweshea kuku.

Akanitazama. Akauliza tangu lini nafuga. Nikasema tangu juzi. Astaghfirullah. Lakini ni uongo mdogo, wala haukumdhuru mtu.

Jumamosi, 8 Juni

Injinia kanifanyia wema. Mungu amlipe. Mungu amsamehe pia.

Nilimwomba akiweke chungu changu kwenye tanuri lake. Nikaenda zangu kuswali. Niliporudi tanuri limeshafungwa na taa nyekundu inawaka. Injinia akanipiga bega akicheka. Akasema mzee, uzee umeanza kukuchezea, chombo cha maji ya kuku unakitoboa matundu? Kuku si wangekufa kiu? Basi yeye kanizibia yote kwa udongo, kalainisha vizuri kwa kidole, huwezi hata kujua yalikuwa wapi.

Nikaitazama ile taa nyekundu.

Nikasema asante. Nikaongeza kwamba kuku nao wanamshukuru.

Jumapili, 9 Juni

Kimetoka. Kizuri kweli, nisijisifu. Kimezibwa kama bakuli la uji.

Nilijaribu kutoboa kwa msumari na nyundo. Pigo la kwanza, tik. Pigo la pili, tik, na ufa mwembamba kama unywele. Nikaacha hapo hapo. Injinia ana keekee ya kutobolea vigae, kazi ya dakika. Lakini nikimwomba anitobolee, ataniuliza kuku wamefanya nini.

Nimefikiri sana juu ya jambo hili. Nimeamua kwamba matundu si lazima. Nitamwagilia kwa kijiko. Kidogo kidogo. Maji yakiwa kidogo yatahitaji mlango wa kutokea wapi?

Sasa rangi. Marehemu alikuwa akichanganya dawa yake ya kung'arisha mwenyewe. Unapaka kwenye chungu kilichokwisha kuchomwa, unakichoma tena, kinatoka kama kioo. Makopo yake yako rafuni, nyuma kabisa. Hayana majina. Yeye alikuwa akijua kwa kunusa! Nimechukua lile lililofichwa nyuma ya mengine yote. Nilisema, kilichofichwa hivyo ndicho cha thamani.

Unga mweupe, laini. Nikatia maji. Ukayeyuka vizuri ajabu. Nikasema kumbe kazi hii ni rahisi, alikuwa akiniringia bure. Nikapaka mara mbili. Baada ya muda sisimizi wakaja, wakapanga foleni, wakakizunguka chungu chote. Hata viumbe vya Mola wanatambua kazi nzuri.

Jumanne, 11 Juni

Hakikung'aa. Kimetoka kama kilivyoingia, ila na madoa meusi kama kimekanyagwa na mtu mwenye miguu ya masizi.

Injinia anazunguka tanuri lake akinusa. Anasema kuna mtu amepika peremende humu. Ananitazama mimi. Akauliza mzee, kuku wako unawanywesha nini hasa?

Jioni binti yangu alikuja kuniletea chakula. Nikamuuliza, kwa kupitia mbali, kama anayajua makopo ya mama yake. Akacheka. Akasema lile la nyuma kabisa si la kazi, baba, ni sukari ya kusaga. Mama aliificha kule tangu daktari alipokukataza. Alisema huyu mzee anapekua kabati zote za jikoni, lakini vitu vyangu vya kazi havigusi, anaviheshimu.

Akaondoka hajui alichonifanyia.

Nikarudi karakana. Nikalifungua kopo. Nikatia kidole.

Tamu.

Nilikaa chini kwenye gunia la udongo nikalamba na kulia. Miaka yote hiyo nikilalamika kwamba nyumba hii haina sukari, na yeye akinipa chai kavu huku ananitazama kwa huruma. Alikuwa akinilinda. Na alikuwa na hakika kwamba sitagusa vitu vyake.

Nilimaliza robo ya kopo. Mola anisamehe, na daktari pia.

Jumatano, 12 Juni

Nimelala vibaya. Nimeamka na mpango.

Rangi ya geti! Imebaki nusu ndoo tangu tulipopaka geti. Kijani. Inang'aa. Nimepaka chungu nje, halafu ndani pia, na ule ufa umefunikwa kabisa. Ndani sikuwa na haja, lakini nilitaka mti wa marehemu ukae mahali palipopakwa vizuri. Asije akasema nimemfanyia nusu nusu.

Kwa mbali, jioni, ukiwa na machozi kidogo machoni, ni kile kile.

Injinia anataka mayai. Anasema mkewe amesikia nafuga. Nimemnunulia trei dukani, nikampelekea. Amesema mayai ya kienyeji hayana mfano.

Alhamisi, 13 Juni

Nimeuhamisha Mzee kutoka kwenye sufuria. Kwa bismillahi. Mizizi yake ni laini kuliko nilivyodhani, mingine myembamba kama nywele za mtoto. Hii ndiyo marehemu aliyokuwa akiikata kwa mkasi wa kucha huku anaimba kaswida puani.

Nikauambia mti uvumilie. Nikauambia sote tunavumilia.

Nikamwagilia kijiko kimoja. Nikaona ni uchoyo. Nikaongeza.

Jumatatu, 17 Juni

Majani mawili ya manjano. Nadhani ni kiu. Nimeongeza maji.

Binti yangu amepita mchana. Akasema mbona mti umekunja uso? Naye akaumwagilia, kwa mapenzi tu. Sikumwambia chungu hakina pa kutolea. Ningemwambiaje bila kumwambia yote?

Hakukitambua chungu. Alisema hivi tu, mbona kinanuka geti.

Alhamisi, 20 Juni

Unapukutika. Asubuhi nimeokota majani mezani kama mtu anayeokota shanga zilizokatika uzi. Udongo unanuka kama shimo la maji machafu. Nikiinamisha chungu, maji yanacheza ndani, chubwi, chubwi. Yameifika mizizi shingoni. Nami yamenifika shingoni.

Nimeyamwaga kwa kuinamisha. Nimepepea udongo kwa kifuniko cha sufuria. Nimesoma dua zote ninazozijua, pamoja na ile ya kuanza safari, kwa sababu ndiyo niliyokumbuka.

Nilifika mpaka mlangoni kwa Injinia. Nilishakunja mkono kubisha. Nikasikia sauti ya mkewe ndani anasema shemeji wa mzee amepiga simu, yuko njiani, ana hamu na Mzee wake. Nikarudi.

Jumamosi, 22 Juni

Mti umebaki vijiti. Majani machache kileleni, basi. Shemeji kesho.

Kaa chini, nikasema, mfinyanzi mzima, fikiria. Nikafikiria. Nikaenda kwa ukuta wa jirani ambako kuna mkuyu wa kawaida umeota, nikachuma majani. Ni makubwa mno. Nikakaa na mkasi wa kushonea wa marehemu, nikayapunguza moja moja yawe na umbo la majani yake. Gundi kidogo kwenye kila kikonyo, na uzi wa kijani pale penye ubishi.

Kazi ya kutwa nzima. Mgongo umekufa. Lakini ilipokwisha nikauweka mti dirishani, nikarudi nyuma hatua chache. Umejaa! Umekuwa kama siku ile marehemu alipomaliza kuupogoa akaniita nije nione, nami nikasema ngoja, niko na mtungi.

Jumapili, 23 Juni

Amekuja.

Alikuja na mfuko wa matunda na sura ya mtu aliyelala vizuri. Akanisalimia kwa upole ambao sikuuzoea kwake. Akaketi. Akauliza afya yangu, akauliza kama nakula. Nilimweka mbali na dirisha. Nikampa kiti kinachotazama ukuta.

Nikaleta chai. Akanywa. Akasema shemeji, njia nzima nilikuwa nikiwaza. Akasema hata yeye hajui kwa nini aliung'ang'ania ule mti siku ya msiba, labda alikuwa anamng'ang'ania mdogo wake. Akasema ameona ubaki hapa. Moja kwa moja. Hatakuja tena kukagua, atakuja kama ndugu, akijisikia anakuja, akipewa chai anakunywa.

Kama angesema hayo mlangoni! Kama ningekuwa nimelala kitandani naumwa, nikasema leo sina nguvu, mti njoo uuone wiki ijayo!

Akainuka aende kuuaga.

Sikuweza kumzuia. Nilisema jua kali. Akasema dirishani hapa? Akainua mkono kuligusa jani, kama alivyokuwa akifanya mdogo wake, kwa nyuma ya kidole. Jani likaja. Likaning'inia kwenye kidole chake kwa uzi.

Akalitazama. Akagusa jingine. Nalo likaja.

Hakupiga kelele. Laiti angepiga! Akaviringisha uzi kidoleni, taratibu, akauliza hiki ni nini shemeji. Nikasema ni ugonjwa wa majani. Akauliza ugonjwa unaoshona?

Akakiinua chungu. Akashangaa uzito wake. Akakigeuza kidogo kutazama chini, na maji yakamwagika kwenye gauni lake, meusi, yananuka. Akaona gumba langu. Akaona hakuna tundu hata moja. Akakwaruza kwa ukucha, ikatoka rangi ya geti.

Ndipo nikasema. Nilisema yote, pazia, Injinia, kuku, sukari, yote, kama mtungi uliopasuka tumboni. Alinisikiliza amesimama. Nilipofika kwenye kuku nadhani alitaka kucheka, mdomo ulimcheza. Halafu akalia yeye.

Akasema chungu kingevunjika hata mikononi mwangu, shemeji. Ni udongo. Ungenipigia simu. Ningekuambia upande kwenye beseni lenye matundu, na tungecheka. Chungu hakikuwa kitu. Akasema lakini umeufunga mti kwenye maji wiki nzima ili mimi nisikuone. Akasema ningekuachia mti hata ukiwa kwenye sufuria. Sikuachii na uongo, kwa sababu uongo wako unamwagilia.

Akauliza vilipo vipande. Nikamfungulia kabati. Alivitoa kwenye nguo za mdogo wake kimoja kimoja, akakipata kile chenye alama ya gumba. Akaweka gumba lake. Likakaa sawasawa. Wao ni ndugu, mkono wao ni mmoja.

Kile kipande aliniachia. Akaufunga mti kwenye gauni kuukuu la marehemu, mizizi ikiwa na tope lake, akaubeba kama mtoto aliyetolewa mtoni. Mlangoni akasema nikitaka kuuona, Jumapili atakuwepo kwake.

Meza iko tupu. Nimeifuta. Nimeifuta tena.

Jumatano, 26 Juni

Nimemwendea Injinia, nikamwambia sina kuku.

Akasema najua, mzee. Mayai yalikuwa na muhuri.

Jumapili, 30 Juni

Nimekwenda. Nilivaa kanzu iliyopigwa pasi.

Mzee yuko barazani kwa shemeji, kwenye beseni la plastiki lililotobolewa kwa kisu cha moto. Amekatwa mizizi iliyooza. Amepogolewa hadi karibu na shina. Nilidhani ni kijiti tu. Shemeji akaniambia niiname, nitazame pembeni, si juu. Nikainama mpaka kanzu ikagusa sakafu.

Chipukizi! Dogo kama jino la mtoto, jekundu kidogo kwenye ncha.

Tulikaa pale. Halafu nikamsikia anauambia mti, kwa sauti ndogo, amka sasa mzee wangu, kumekucha. Maneno ya mke wangu! Kila asubuhi, maneno hayo hayo, sauti hiyo hiyo. Sikujua kama yalikuwa ya kwao wote wawili. Labda tangu utotoni, kitanda kimoja, nani alikuwa akimwamsha nani.

Kiti chake amekisogeza karibu na beseni. Ameweka pale miwani, tasbihi, na kikombe. Anaishi pale sasa. Alinieleza jinsi anavyolitazama lile chipukizi kabla ya alfajiri kwa tochi ya simu, na jinsi siku mbili za kwanza alivyokuwa anaogopa hata kulitazama. Nyumba yake ni kubwa na watoto wamekwenda. Sikuwahi kufikiri juu ya hilo. Nilikuwa nafikiri amefiwa kidogo kuliko mimi.

Akanikaribisha kila Jumapili. Akasema huenda siku moja, mti ukisimama, na mimi nikisimama, tutazungumza nani akae nao.

Nimerudi kwa miguu. Nimelia njiani, lakini machozi mepesi. Nimejifunza, nakuambia. Nimejifunza sana. Kuanzia leo ni ukweli mtupu.

Jumatatu, 1 Julai

Sikulala kwa kumfikiria shemeji. Masikini ya Mungu, anaupenda mno mti ule. Siku ukiondoka pale barazani atavunjika moyo, na mimi siwezi tena kuwa sababu ya machozi ya mtu.

Kwa hiyo ni lazima asijue kwamba umeondoka.

Leo nimepita kwenye kitalu cha miche, kile cha karibu na kituo cha mafuta. Wana mkuyu mdogo, shina limepinda upande huo huo. Ukikatwa juu na kupunguzwa mizizi, hata mama yake mzazi hatautofautisha. Nimeshamwambia mwenye kitalu auweke pembeni. Aliuliza ni wa nini. Nikasema ni wa mgonjwa hospitalini.

Jumapili shemeji huingia ndani kupika chai, na chai yake haina haraka. Beseni kama lile nimelipata. Nitakuja na kapu kubwa, nitasema nimeleta matunda. Kila mtu atabaki na mti wake. Yeye atakuwa na wa kuamsha alfajiri, mimi nitakuwa na wangu dirishani. Huo si wizi. Ni kugawana kwa amani, ila mmoja hajaambiwa.

Nimeswali rakaa mbili za haja. Mola wangu, Wewe ndiwe unayeijua nia yangu. Mjaalie shemeji afya, umpe faraja, umrehemu mdogo wake. Na Jumapili, pale kidogo tu, asiutazame kwa karibu.